Dhahabu yangu ya heksagoni ilidumu siku kumi na moja

Mjomba wangu yuko Geita, ni mchimbaji mdogo miaka mingi sasa. Wiki ya kwanza tu nilipofika Ujerumani kusoma masters akanipigia kuuliza eti ni kweli huko tunatengeneza dhahabu. Nikamwambia hatutengenezi mjomba, tunainunua ikiwa imeshageuzwa chumvi, inakuja kichupa cha gramu moja, tunaiyeyusha kwenye maji halafu tunairudisha kuwa metali ila vipande vidogo mno. Vidogo kiasi gani? Nikamwambia chupa moja ya mililita 10 ina kama miligramu moja ya dhahabu lakini imekatika vipande matrilioni. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata, kumbe anapiga hesabu. "Miligramu moja hata pointi haifiki mjomba, mia ndo zinafanya pointi. We rudi nyumbani."

Pointi kule machimboni ni sehemu ya kumi ya gramu, kwahiyo hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Sasa kazi niliyopewa na supavaiza haikuwa na maajabu, nitengeneze vijiti vya dhahabu vyenye umbo la punje ya mchele, urefu kama nanometa 50 (nanometa moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Resipe yake inajulikana dunia nzima. Unaanza na mbegu, unachukua chumvi ya dhahabu unaimwagia borohaidraidi (kemikali inayoirudisha chumvi kuwa metali) iliyopozwa kwenye barafu, kwa mpigo mmoja huku sumaku inakoroga, maji yanageuka rangi ya chai ya mkandaa. Halafu pembeni una chupa ya pili ina chumvi ya dhahabu, nitreti ya fedha kidogo na vitamini C, vitamini C ileile unayoijua, ukiitia tu ile rangi ya njano inapotea maji yanakuwa meupe kama hamna kitu. Hapo unadondosha mbegu kidogo unasubiri zikue.

Kote humo kuna kitu kinaitwa CTAB, ni jamii ya sabuni, ndugu zake wako kwenye kondishena za nywele. Huyu ndo aliyenitesa. Januari maabara ile asubuhi ilikuwa nyuzi 18 na CTAB ikifika baridi hiyo inaganda, unakuta chupa nzima ina theluji ndani, sawasawa na mafuta ya nazi nyumbani msimu wa baridi. Nikajifunza kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu nyuzi 28 hivi kila siku kabla sijavua hata koti. Vijiti vikaanza kutoka vizuri, mwezi mzima naletea supavaiza punje za mchele, anafurahi.

Februari chupa ya CTAB ikaisha tukaagiza nyingine kwa muuzaji mwingine, lebo ileile, asilimia za usafi zilezile, bei nafuu kidogo. Nikafuata resipe ileile neno kwa neno na kitu kikagoma. Badala ya ule wekundu wa kahawia nikapata zambarau iliyolala kwenye bluu, na ukiitikisa chupa inameta, vinapita vinamulika vinazima kama dagaa wakigeuka kwenye maji. Nikarudia mara nne. Nikaosha vyombo kwa mchanganyiko wa asidi mbili unaoyeyusha dhahabu, nikabadilisha maji, nikabadilisha sumaku, bado dagaa tu.

Alhamisi nikawa na zamu ya hadubini ya elektroni kuanzia saa moja jioni, nikasema leo ntajua. Unachukua tone dogo unaweka kwenye gridi ya shaba, kiduara cha milimita 3 kina utando wa kaboni, kikikauka unakipandisha kwenye holda unaingiza kwenye mashine, vakyumu ikae sawa, elektroni zinapigwa kwa volti laki mbili. Punje ya mchele hata moja hakuna! Pembetatu tupu, na za pembe sita, bapa, nyembamba mpaka mbili zikilaliana unaiona ya chini kupitia ya juu. Nzuri balaa, nilikaa naangalia tu kama dakika kumi muda wa mashine unakwenda.

Halafu nikavuta karibu, nikaona mistari ya atomu. Nikapima. Nanometa 0.25.

Hapa inabidi nieleze kwanini moyo uliruka. Muuza machungwa anaijua hii bila kusoma popote, matatu chini moja juu, fungu limekaa. Sasa fikiria huna fungu una meza nzima ya machungwa, leya ya kwanza umeyabananisha kila chungwa limezungukwa na sita. Leya ya pili inakaa kwenye mabonde ya ile ya kwanza, hapo hamna ubishi. Leya ya tatu ndo ina uchaguzi: unaweza kuyaweka wima juu ya machungwa ya leya ya kwanza, inakuwa A, B, A, B mpaka juu, au unayapeleka kwenye yale mabonde mengine yaliyobaki, inakuwa A, B, C ndo unarudi A. Mpango wa kwanza ndo heksagoni, zinki na magnesi wako huko. Wa pili ukiutazama kwa pembe fulani unakuta mchemraba wenye atomu kwenye kona na katikati ya kila uso, na dhahabu, fedha, platini, paladi wote wako huku. Pete ya ndoa, mkufu wa bibi, tofali la benki, kote ni ABC. Na ajabu ni kwamba ujirani ni uleule, kila atomu ina majirani 12 kwenye mpango wowote, tofauti inaanza kuonekana kwa jirani wa jirani, ndo maana gharama ya kuhama kutoka mpango mmoja kwenda mwingine ni ndogo, na metali ikiwa ndogo sana inaweza kushawishika.

Tena ilishashawishika kweli. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Hua Zhang kule chuo cha Nanyang, Singapore, walikuza vipande vya dhahabu vya mraba juu ya grafini oksaidi (utando mwembamba mno wa kaboni yenye oksijeni), ubavu nanometa 200 mpaka 500, unene nanometa 2.4 tu, kama leya 16, na vikawa heksagoni. Mwaka 2015 wakaja na riboni za dhahabu zenye mpangilio wa nne, A, B, C, B ndo unarudi A, wanauita 4H. Na rutheni, metali ambayo yenyewe kwa asili ni heksagoni, Wajapani wa Kyoto mwaka 2013 wakaipeleka upande wa pili ikawa ya mchemraba. Vyote hivi nilikuwa nimevisoma, na kusoma nusunusu kuna hatari yake.

Kwasababu kipande bapa cha dhahabu ya kawaida kikilala kwenye gridi unakitazama kutoka juu, vitabu vinasema mistari ya kwanza utakayoikuta ni ya nanometa 0.144. Ya 0.25 haitakiwi kuwepo, imekatazwa, yaani neno lenyewe la kitaalamu ni hilo, imekatazwa. Na nikipiga hesabu ya dhahabu ya heksagoni, mistari yake ya kwanza ukiitazama kutoka juu inaangukia wapi? 0.25 kamili. Saa nne usiku, niko peke yangu kwenye chumba cha giza, nafanya hesabu nyuma ya risiti ya duka. Nikarudia kwenye pembetatu ya pili, ya tatu, ya saba. Zote 0.25. Aisee.

Sikulala. Nikamtumia mama voisi noti saa nane usiku namwambia kuna kitu nimekipata ila siwezi kusema bado, akajibu asubuhi Mungu akutangulie mwanangu na ule.

Jumatatu kwenye mkutano wa kundi nikasimama na slaidi 14. Kichwa cha slaidi ya kwanza sitakiandika hapa, nina heshima yangu bado. Supavaiza akawa anatikisa kichwa polepole, postdoki wawili (watafiti walioshamaliza PhD) wakaanza kunong'ona, nikasema hawa wameshaona ukubwa wa jambo. Nikafika kwenye picha, ile mistari kompyuta imeigeuza kuwa vinukta, vinukta sita vizuri, 0.25. Sasa nyuma kabisa alikuwa amekaa mama mmoja fundi wa hadubini, amebakiza miaka miwili kustaafu, huwa anakuja kwasababu ya kahawa na keki, haongei. Akaweka kikombe chini.

"Umeitilti?"

Nikamuuliza samahani?

"Hiyo pembetatu. Umeiinamisha ukaiangalia kwa upande mwingine, au umeiangalia ikiwa imelala tu?"

Ikiwa imelala tu. Holda niliyotumia ile Alhamisi ilikuwa ya mhimili mmoja na hata huo mmoja sikuugusa. Akasema sawa, akarudi kwenye keki yake. Hakunidhalilisha, hakusema kitu kingine chochote, na ndo ilikuwa mbaya zaidi maana chumba kizima kilielewa isipokuwa mimi.

Baadaye alinieleza kwenye korido, nami nawaeleza kwa mfano wangu. Chukua watu watatu wanavuta kamba zilizofungwa kwenye pete moja, kila mmoja upande wake, wamegawana duara sawasawa, nguvu sawa. Pete haiendi popote. Leya A, B na C zinafanya hivyohivyo kwa elektroni, kila moja imesogea theluthi ya hatua kuliko mwenzake, mawimbi yao kwenye ile 0.25 yanavutana yanakufa. Hiyo ndo maana ya "imekatazwa". Lakini wakiwa watu wanne? Au saba? Mmoja anabaki hana wa kumzuia, pete inasogea. Kipande kinene sana mtu mmoja wa ziada humwoni kwenye umati, ila kipande chenye leya chache unamwona wazi. Na kuna kitu kinaongeza zaidi: ndani ya pembetatu hizi karibu kila mara kuna pacha, yaani mpangilio unakwenda A, B, C halafu unafika leya fulani unageuka kama umewekewa kioo, C, B, A. Hapo wavutaji kamba wameshabadilishana nafasi, hesabu haifungi tena, ile 0.25 inatokea bila dhahabu kuwa heksagoni hata kidogo. Watu wa hadubini wanalijua hili miongo na miongo. Mi nilikuwa najua resipe ya kupika tu.

Ningeweza kuacha hapo nikafa kwa aibu kimyakimya, ila fundi akasema usikubali neno langu pia, nenda kaangalie. Shida ni kwamba kuona mpangilio wa leya inabidi uitazame pembetatu kwa ubavu, na kitu kilicholala huwezi kukisimamisha nyuzi 90 ndani ya mashine, holda haifiki huko. Akanifundisha ujanja: tengeneza tone zito, dhahabu nyingi kwenye tone dogo, likikauka baadhi ya vipande vinasimama vimeegemeana kama sahani kwenye kabati. Jumatatu iliyofuata tukakaa wote, yeye kwenye vitufe mi nashika daftari, na kabla ya picha akawa anapunguza elektroni mpaka skrini inakuwa hafifu. Nikamuuliza mbona gizani hivi, akasema metali ndogo ukiipiga sana inabadilika ukiwa unaiangalia. Kweli, vile vya Singapore vyenyewe vilirudi kuwa vya mchemraba chini ya elektroni, na mwaka 1986 Iijima na Ichihashi walirekodi video ya vipunje vya dhahabu vya nanometa 2 hivi vinabadili umbo na mpangilio kila mara, kufumba na kufumbua kimekuwa kingine. Iijima huyohuyo aliyekuja kujulikana kwa mirija ya kaboni mwaka 1991.

Tukapata sahani moja imesimama sawasawa. Leya 34, nilizihesabu mara tatu, unene nanometa 8. Kutoka leya hadi leya 0.2355, dhahabu ya kila siku. Mistari inapanda kuelekea kulia, inapanda, inapanda, inafika mahali inakata kona kwenda kushoto, leya sita, halafu inakata kona tena. Kama ukili unavyosukwa. Heksagoni ingekuwa inakata kona kila leya, zigizaga tupu kutoka chini mpaka juu. Hii ilikata mara mbili tu. Mapacha wawili.

Sasa ukitaka kujifariji, leya ile ya kwenye kona yenyewe ina majirani sawa juu na chini, B, C, B, yaani kwa mtazamo wa hiyo leya peke yake iko heksagoni. Kwahiyo kati ya leya 34 nilikuwa na mbili. Nilimwambia fundi hivyo akacheka mpaka akavua miwani.

Katika kutafuta hizo sahani ndo tukakuta kitu ambacho kwa kweli kilinibadilishia masters yangu. Kwenye mabaki kulikuwa na vipunje vidogo, nanometa 6, 7, ukivitazama vina mistari mitano inakutana katikati kama jua la kuchora mtoto wa chekechea. Tano! Kwenye krisitali tano haipo, tiles za pembe tano zilizo sawa pande na pembe zote huwezi kutandika sakafu zikabananika, kila fundi ujenzi anajua. Ndo maana Shechtman, mwanasayansi wa Israeli, alipoona duara la vinukta kumi kwenye aloi ya aluminiamu na manganizi mwaka 1982, wakubwa akiwemo mkemia maarufu Linus Pauling walimbishia miaka wakisema hayo ni mapacha tu, na yeye mapacha alikuwa ameshayatafuta akayakosa, Nobeli ikaja 2011. Kwangu mimi yalikuwa mapacha kweli ila ya aina yake.

Nikajenga mfano wake kule hosteli kwa mipira ya tebo tenisi na gundi ya moto. Fungu moja ni mipira minne, kama lile la machungwa. Sasa chukua mipira miwili iliyogusana iwe mhimili, zungushia mingine mitano kiunoni, unapata mafungu matano yaliyochangia mhimili mmoja. Nilivyobandika wa tano nikadhani nimekosea kubandika. Haufungi. Unabaki mwanya. Nikavunja nikaanza upya taratibu, mwanya uleule. Hesabu yake ni kwamba kila fungu linachukua nyuzi 70.53, mara tano ni 352.65, duara linataka 360, zimepungua 7.35 na hamna pa kuzitoa. Kwenye mpira wa milimita 40 huo mwanya ni kama milimita tatu na nusu, kijiti cha mshikaki kinapita bila kugusa.

Na dhahabu inaufunga. Ndo kitu kilichonikalisha chini. Atomu zinajinyoosha kila moja kidogo mpaka mwanya unapotea, wanakubali kuishi wamebanwa. Shozo Ino huko Japani aliliona hili tangu 1966, dhahabu iliyovukizwa kwenye vakyumu juu ya krisitali ya chumvi, vipunje vya mafungu matano na vingine vya mafungu ishirini. Kwanini wakubali? Kwasababu kipunje kidogo karibu chote ni ngozi. Kile cha mafungu ishirini chenye atomu 55, atomu 42 ziko nje, na kwa umbo hilo nyuso zote za nje zinakuwa zile zilizobanana vizuri, bei ya ngozi inashuka. Kwahiyo wanakopa kwenye mbano wanalipa ngozi. Ila ni mkopo wa kausha damu, ngozi inaongezeka kwa eneo na mbano unaongezeka kwa ujazo, kipunje kikikua deni linakimbia kuliko kipato, mwisho wengi wanarudi ABC au wanapasuka ndani wanaweka kasoro ya kupunguzia maumivu. Supavaiza akasema basi achana na vijiti, hesabu hawa wa tano, angalia kwa ukubwa gani wanaanza kupotea. Miezi saba nilihesabu vipunje, kila kimoja nimekitilti.

Likizo nikaenda Geita na ule mfano wa mipira kwenye begi, kijiti kimechomekwa kwenye mwanya. Shikamoo mjomba, marahaba, akaugeuzageuza, akavuta kijiti akakirudisha. "Sasa hii ndo ile dhahabu ya miligramu?" Nikamwambia ndo hiyo, ila yenyewe hapo pamefungwa. "Imefungwa na nini?" Imejinyoosha. Akaangalia mipira akaniangalia mimi. "Dhahabu laini mjomba, hilo naamini." Ule mfano sikurudi nao, upo juu ya friji yake.

Na ile chupa ya CTAB? Postdoki mmoja aliniambia nisome kuhusu iodaidi, nikakuta watu walishalia na hili zamani, mwaka 2008 na 2009 yalitoka maandiko yanaonyesha CTAB ya wauzaji tofauti inatoa maumbo tofauti kwasababu baadhi ina uchafu wa iodaidi, kiasi kidogo mno lebo haitaji. Iodaidi inang'ang'ania nyuso bapa za dhahabu, kipande kinashindwa kukua kwenda juu kinatanuka pembeni, pembetatu hizo. Nikajaribu, nikachukua CTAB ya zamani safi tuliyoazima, nikatia iodaidi ya potasiamu ukucha tu, dagaa wakarudi wanameta chupa nzima. Tukataka kuitupa ile mbovu. Bahati hatukuitupa maana sasa hivi imebaki robo, nimeiandikia kwa maka pen USIGUSE, na kuna dada wa maabara ya chini anayetaka pembetatu ameshaniandikia mara mbili anaomba vijiko viwili.